Nondo wa Mpapai Dume

Giza lilipoanza kuingia Siakago, Ednah alimlaza mtoto, akaacha dirisha wazi kidogo hewa ipite, akatoka bustanini na simu yake. Mpapai dume ulikuwa umechanua, na maua yake huwaita nondo wakubwa wenye mbio za ajabu. Kila jioni alijaribu kuwapiga picha, akaambulia ukungu tu. Lakini Ednah akishika jambo, hashikiki.

Ukaidi huohuo ndio uliompa mtoto jina. Huko Umbeere binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Mama mkwe, Rwamba, aliagiza hivyo kabla hajafa. Ednah akamwita mtoto Njoki, jina la mamake mwenyewe, na mtoto akalizoea, akawa anacheka kila akiitwa.

"Mtu ashakufa, atanifanya nini?" Ednah alimwambia mumewe, Muchangi.

Vrrrr...

Nondo alikuwa akielea mbele ya ua. Ednah akapiga. Ukungu. Akapiga tena. Ukungu, ila sasa umesogea kuelekea dirishani. Akapiga tena.

Harufu ya ugoro...

Tangu Rwamba azikwe, hakuna aliyenusa ugoro kwenye boma lile.

Ednah akatazama picha ya mwisho. Hii ilitoka safi, lakini nondo hakuwemo. Alikuwemo kikongwe aliyejitanda leso ya kijani, ameinama dirishani, mkono mmoja ndani. Leso hiyo Rwamba alizikwa nayo. Ednah ndiye aliyemfunga.

Akainua macho. Hapakuwa na mtu. Ila dirisha sasa lilikuwa wazi kabisa.

Alitaka kukimbia, miguu ikakataa. Alitaka kuita, sauti ikamkauka. Redio ya Muchangi ilinguruma sebuleni, karibu tu, naye Ednah amesimama kama kigingi, akisikiliza mtu akimbembeleza mtoto wake kwa Kimbeere. Polepole... bila haraka ya kuondoka.

Kisha kimya. Nondo akatoka dirishani, akapotea. Hapo ndipo miguu ilipomrudia.

Mtoto alikuwa mzima, macho wazi. Nywele zake zilinuka ugoro.

"Njoki," Ednah alinong'ona. "Njoki, mama yuko hapa."

Mtoto alitazama ukuta.

Muchangi akatokea mlangoni. "Ni nini? Mbona unalia?"

"Haniskii. Hebu mwite wewe."

"Njoki! Wee Njoki!"

Wapi! Mtoto hata hakupepesa macho. Ednah alilijua jina lililobaki, na moyo ulimuuma kulitamka, lakini angefanyaje? Alimtaka mtoto wake.

"Rwamba..."

Mtoto akageuka. Hakucheka. Akamtazama Ednah juu hadi chini, taratibu, jinsi mama mkwe anavyomtazama mkaza mwana aliyechelewesha chai.