Mkono wa Kushoto wa Nana Afrakoma

Kila asubuhi kabla ya shule, Serwaa alifagia ua, akanunua uji kwa jirani, kisha akaenda kwa bibi yake na mashine ndogo ya kupima presha. Kampuni changa ya vijana wa jiji la Kumasi ndiyo iliyozigawa mashine hizo katika mitaa ya mji wa Techiman iliyo mbali na zahanati. Mkanda wa mashine ulijaa upepo, namba zikatokea, nazo zikaenda zenyewe hadi kwenye simu ya Dufie, muuguzi wa kampuni hiyo huko Kumasi. Kazi ya Serwaa, mwenye miaka kumi na miwili, ilikuwa kumpima bibi yake, Nana Afrakoma, ambaye presha iliwahi kumwangusha jikoni.

Kazi ilikuwa rahisi mpaka mashine ilipofungua mdomo.

"Nyoosha mkono wa kushoto," ilisema kwa Kitwi safi, lugha ya nyumbani kwao.

Nana aliruka kama aliyeumwa na siafu. "Nimnyooshee mtu mkono wa kushoto? Asubuhi yote hii? Mwambie huyo aliyemo humo ndani kwamba mimi nilifunzwa adabu!"

"Nana, humo hamna mtu."

"Basi nani ananitukana?"

Serwaa alibembeleza siku tatu. Siku ya nne, akihofia kuchelewa shule, alijivalisha mkanda yeye mwenyewe uani, Nana asimwone. Mashine haikuuliza mkono ni wa nani. Namba zilikwenda, nzuri ajabu, naye akamwambia Nana kwamba mashine imempima bila mkono. Kesho yake akafanya hivyo hivyo, mpaka wiki tatu zikatimia. Alijiambia kwamba hamdhuru mtu. Moyoni alijua anajidanganya, kwa maana kila Nana alipolalamika kuwa kichwa kinamgonga, yeye aligeuza macho.

Jumamosi moja Dufie alifika kwa pikipiki, akicheka kabla hajashuka.

"Nana, una presha ya msichana wa shule!"

Nana alivuta kitambaa chake begani kwa maringo. "Sokoni kote wanajua. Ni supu yangu ya majani hiyo."

"Nimeongea na daktari. Kwa namba hizi, kuanzia leo utameza nusu ya dawa." Dufie akachukua pakiti ya vidonge na kutoa kalamu ili aandike.

Serwaa aliitazama kalamu. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini Nana atameza nusu, na kichwa bado kinamgonga. Akapiga hatua mbele na kuishika ile pakiti.

"Usiandike, Dada Dufie. Namba hizo ni zangu mimi."

"Zako vipi?"

"Nimekuwa nikijipima mwenyewe. Nana hataki kutoa mkono wa kushoto, na mimi niliogopa mtasema nimeshindwa kazi." Pakiti hakuiachia.

Nana alimkazia macho. "Wiki tatu nzima najisifia presha ya mtoto?"

Dufie hakucheka tena. Aliichukua mashine ampime palepale. Mashine ikatamka maneno yake, Nana akauficha mkono wa kushoto mgongoni.

"Dada," Serwaa akauliza, "wa kulia haufai?"

Dufie aliusogeza mkanda upande wa pili. "Unafaa. Tutaandika tu kwamba ni wa kulia, na tuupime huo huo kila siku."

Nana aliunyoosha mara moja. Namba zilipotokea, Dufie alisimama: mia moja themanini na sita kwa mia moja na kumi.

"Hospitali, Nana. Sasa hivi."

"Na fufu yangu ya mihogo nani ataitwanga?"

Serwaa alikuwa ameshachukua ndala za Nana. Alipiga magoti, akaziweka miguuni pake. "Vaa, Nana. Siondoki hapa mpaka uvae." Nana alinung'unika, lakini alivaa.

Alilazwa siku mbili, akabadilishiwa dawa. Wiki iliyofuata Dufie alirudi na mashine iliyorekebishwa.

"Ofisini sote tumelelewa na bibi zetu," alisema, "na hakuna aliyekumbuka adabu ya mkono. Tumeona aibu." Kisha akamgeukia Serwaa. "Ungeniambia siku ya kwanza kwamba Nana amekataa, tungeshalimaliza hili. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Mimi niko Kumasi, simwoni Nana. Nina namba zako tu. Ukinidanganya, namtibu mtu ambaye hayupo, na aliyepo anaumia. Lakini ulisema ukweli huku ukijua utaaibika, kwa hiyo mashine inabaki kwako."

Kesho yake asubuhi mashine ilisema, "Nyoosha mkono wa kulia." Nana aliunyoosha kwa fahari, kisha akasita.

"Ngoja. Kwanza nionyeshe mikono yako yote miwili."

Serwaa aliinua mikono juu, uso ukimchoma kwa aibu. Namba zikatokea: mia moja thelathini na nane kwa themanini na nne.

"Za nani hizo?" Nana akauliza.

"Zako, Nana."

"Haya. Ziende."