Aliyeona Haya Kutaja Choo

Kila alfajiri Hidaya alimpelekea dada yake chakula katika chumba chenye giza. Mwanaasha alikuwa mwali. Alipovunja ungo, alifungiwa ndani kwa desturi ya Waluguru, akawa anafundwa na kungwi wake, Bibi Mosi. Hakuruhusiwa kuonekana nje mchana, hata kwa haja ya kwenda chooni. Akibanwa, alingoja giza.

Basi Mwanaasha akaacha kunywa maji ili asibanwe. Maskini, alidhani amepata akili! Choo kikawa kigumu, kikaja kwa nadra, mwishowe kikagoma kabisa.

"Nenda misheni ukaombe dawa," mama alimwambia Hidaya. "Sema dada yako hapati choo. Useme hivyo hivyo, mwanangu."

Mama mwenyewe hakuweza kwenda. Hiyo ilikuwa enzi ya Wajerumani, na asiyefika kulima shamba la pamba la akida alichapwa viboko.

Huko misheni baraza lilijaa watu, wakiwemo wavulana wa kijijini kwao.

"Shikamoo," Hidaya alimwamkia Alois, mgawaji dawa.

"Marahaba. Nani anaumwa?"

"Dada. Tumbo."

"Anaharisha?"

Wavulana walikuwa wametega masikio. Hidaya aliona heri ardhi immeze kuliko kutamka neno choo mbele yao. Akaitikia kwa kichwa. Alois akampa unga wa kuzuia kuharisha.

Dawa ya kufunga tumbo, kwa mtu ambaye tumbo limekwisha kufunga! Baada ya siku chache Mwanaasha alikuwa anatapika, na tumbo limekaza kama ngoma. Bibi Mosi alisema ni mizimu, akakataza mwali asitolewe. Mama alitupa jembe katikati ya pamba, akashuka misheni mbio, akamleta Sista muuguzi, kwani mwanamume asingekubaliwa kumwona mwali.

Sista aliuona ule unga. "Nani alisema huyu anaharisha?"

"Mimi," Hidaya alilia. "Niliona haya."

Sista alimpiga mgonjwa bomba la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kupitia njia ya haja kubwa, kisha akarudia. Choo kilipofunguka ndipo alipompa mafuta ya mbarika. Akaacha na chumvi ya haluli kidogo, dawa ya kuharisha.

"Hii mpe kwa maji mengi, akikwama tu," alimwambia mama. "Si ya kila siku, utumbo utazoea kusukumwa. Dawa ya kila siku ni maji, mboga za majani na kutembea. Na akibanwa aende, hata mchana."

"Mchana ataonekana!" Bibi Mosi alifoka.

"Aonekane," mama alijibu. "Maiti nayo huzikwa mchana."

Mwanaasha alipona. Lakini mama aliporudi shambani, akida hakutaka kusikia habari ya mgonjwa. Jioni Hidaya alimkanda mama mgongo kwa maji ya moto, na kila alipogusa alama ya kiboko, yeye binti ndiye aliyelia kwa uchungu.

"Mficha uchi hazai," mama alisema, uso ukiwa umeelekea ukutani. "Ugonjwa hauna adabu, mwanangu, utaje kwa jina lake. Haya yako ilikuwa ya kitambo kidogo tu pale barazani. Sasa tazama walioilipa."