Posa Kando ya Mdudu wa Jiwe

"Umevaa nini leo, Ibtihal? Unafanana na pazia la hoteli ya bei poa."

Tharwat aliyasema hayo bila kumtazama, kakalia kona ya meza ya Ibtihal, anajipepea kwa ramani ya Bonde la Wafalme. Shingoni kafunga kitambaa cha hariri. Miwani ya jua kaipandisha kichwani, humo humo ofisini. Kazi yake kuongoza watalii, na Wajerumani aliwasimulia mafarao kana kwamba aliwazika yeye. Ndani ya makaburi waongozaji wamekatazwa kuhutubia, na Ibtihal alitamani amri hiyo ifike mpaka ofisini.

Ibtihal ndiye aliyepanga safari zote za kampuni ile ndogo ya Luxor: nani alale wapi, basi litoke saa ngapi, kikundi kipi kiingie kaburi lipi kabla jua halijawa kali. Na huyu bwana wa hariri alikuwa mchumba wake.

"Pazia angalau lina kazi," alijibu, macho kwenye kompyuta. "Sema shida yako."

"Nina mteja, mtu mzito. Ijumaa anataka kumposa mwanamke kule hekalu la Karnak, milango ikifunguliwa tu, kabla vikundi havijajaa. Kando ya ziwa, pale kwenye ile sanamu ya mdudu wa jiwe. Weka maua meupe, mpiga udi mmoja, na meza ya chai. Nitawaongoza mwenyewe."

"Jina la mteja?"

"Hataki jina. Andika 'kikundi cha familia'. Na usiharibu, maana kila unachogusa kinanuka umaskini."

Akaondoka, akaacha harufu ya marashi na ramani imekunjwa vibaya.

Hakuwa hivyo zamani. Mdudu huyo huyo wa jiwe yeye na Ibtihal waliwahi kumzunguka mara saba, kama wafanyavyo watu wanaotafuta bahati ya ndoa, wanacheka hadi kizunguzungu. Baadaye wazee wakakaa, Fatiha ikasomwa, akavishwa pete na bangili za dhahabu. Lakini tangu Ramadhani ipite, asubuhi ni matusi, jioni simu haipokelewi.

"Nimechoka, mama," alisema nyumbani. "Kesho namtupia pete yake usoni."

Mama yake, Hajati Fikriya, alikuwa anakunja wali kwenye majani ya mzabibu. Hakuinua kichwa.

"Thubutu. Hicho ndicho anachongoja."

"Anangoja nini?"

"Mwanamume akivunja uchumba, dhahabu inabaki kwako. Ukivunja wewe, unairudisha yote, na mtaa mzima unasema binti wa Fikriya ana mdomo mchafu, kamshinda mwanamume wa watu. Hakutukani kwa hasira yule, mwanangu. Anakutukana ili umsaidie kazi."

"Dhahabu siitaki."

"Hata mimi siitaki, katupe mtoni. Na jina lako je, utalitupa wapi?"

Ibtihal akavuta jani, akaanza kukunja naye.

"Vumilia," mama akasema. "Mpaka aseme kwa mdomo wake, mbele ya walioisoma Fatiha."

Kesho yake simu ya ofisi ikalia.

"Hapo ni kwenye kampuni ya safari? Mimi Nermin, napiga kutoka Kairo. Ni kuhusu Karnak, Ijumaa. Sipaswi kujua, mpenzi wangu anataka kunishtukiza, ila nimechungulia simu yake nikaona namba yenu. Kuna mahali pa kubadilishia nguo? Siwezi kuposwa nimevaa raba."

"Papo, bibie. Hongera. Mpenzi wako ni nani, nimwandike getini?"

"Si mtu wenu huyo huyo, Tharwat! Baba ana meli za kutembeza watalii mtoni. Tukioana anamfanya meneja."

Ibtihal aliishika pete yake, akaizungusha kidoleni.

"Na yeye hana mtu huko Luxor?" akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Alikuwa na mchumba, masikini. Walishaachana zamani."

"Haya, bibie. Nitakuandalia chumba na kioo."

Akakata simu. Kwa hiyo posa ya mchumba wake anaipanga yeye. Kwa nini Tharwat hakwenda kwa watu wengine? Wengine wanatoza. Kwake anafanyiwa bure.

Jioni Tharwat akapita kukagua ratiba.

"Mteja wako," Ibtihal akamuuliza, "hana mwanamke mwingine?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nisije nikapanga maua, mwenziwe akatokea."

Tharwat akacheka, akavuta kiti. Hadithi aliipenda, hasa ikiwa yake.

"Kipo kimoja, kisichana cha ofisini. Hana baba, hana shamba, hana sura. Jamaa anakitukana kila siku kiondoke chenyewe, wapi! Kimeganda kama kupe."

"Si akiambie tu?"

"Apoteze dhahabu? Mjinga nani?"

"Kweli," alisema Ibtihal. "Mjinga nani."

Kama kulikuwa na penzi lililosalia, lilizimika hapo hapo, kimya kimya. Tharwat alipotoka, akachukua simu, akamwandikia Ami Dardir, baba mdogo wa Tharwat, aliyesimamia uchumba wao:

"Ami, Ijumaa asubuhi karibuni Karnak. Tharwat anaongoza kikundi cha familia. Njoo na wazee walioisoma Fatiha. Tiketi zipo, basi litawafuata."

Jibu likaja: "Nimezeeka naliona Karnak kwa nje tu. Nitavaa kanzu mpya."

Ijumaa udi ulilia kando ya ziwa. Nermin alisimama na gauni jeupe, anajifanya ameshtuka. Tharwat akapiga goti mbele ya mdudu wa jiwe.

"Nermin, moyo huu haujawahi kumjua mwanamke mwingine."

"Na Fatiha ile tulimsomea nani?"

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta. Ami Dardir akajitokeza na fimbo yake na kanzu yake mpya, nyuma yake wazee wawili, Hajati Fikriya, na Ibtihal na faili lake. Mpiga udi akaacha kupiga.

Tharwat akainuka, goti jeupe kwa vumbi.

"Ami, huyu ni mteja."

"Mteja gani anapigiwa goti?"

"Ustadhi Tharwat," Ibtihal akasema, "sikuja kugombana. Niambie tu mbele ya hawa. Mimi ni mchumba wako, au siyo?"

Tharwat akatazama bangili mkononi mwa Ibtihal, akatazama gauni jeupe. Ungemwona ungedhani yuko sokoni, anapima nyanya.

"Sema," Nermin akamwambia. "Hata mimi nataka kusikia."

"Siyo," akasema hatimaye. "Nimevunja. Simtaki."

"Mmesikia?" Ibtihal akawauliza wazee.

"Tumesikia," akajibu Ami Dardir. "Kavunja kwa mdomo wake. Dhahabu ni yako, binti yangu. Aibu ni yetu."

Nermin alikuwa bado anamtazama Tharwat.

"Uliniambia mliachana zamani. Kumbe ndiye aliyenipokelea simu, umemfanya apange maua yangu?"

"Mpenzi, ni jambo dogo, nitakueleza..."

"Baba anatafuta meneja wa meli. Wewe hufai hata kufunga kamba gatini."

Akageuka, viatu vinagonga mawe. Alipomfikia Ibtihal akasita.

"Maua ni mazuri."

"Asante. Nilichagua mwenyewe."

Tharwat naye akaanza kunyemelea geti. Ibtihal akafungua faili.

"Unakwenda wapi? Kikundi hakijaona kitu."

"Umerukwa na akili?"

"Kikundi cha familia, Karnak, mwongozaji Tharwat. Uliandikisha mwenyewe."

"Mimi nimevaa kanzu mpya," Ami Dardir akasema, akimwelekeza njia kwa fimbo. "Twende. Zile nguzo kazisimamisha nani?"

Tharwat akawaongoza. Sauti iliyokuwa ikiwalegeza Wajerumani sasa ilitoka kama ya kuku aliyebanwa na mlango.

"Ongea kwa nguvu. Huyu mfalme hapa ukutani alikuwa na wake wangapi?"

"Wengi, ami."

"Wengi. Lakini yeye alijenga."

Hajati Fikriya akakohoa kwenye mtandio wake.

Siku ile jioni, Ibtihal alikaa na mama yake kukunja majani ya mzabibu. Pete ilikuwa inamsumbua, inanasa wali. Akaivua, akaitia kwenye kibakuli cha chumvi, akaendelea na kazi. Simu ikatikisika.

"Ibtihal, nilipotea. Nermin hakuwa kitu, ni shetani tu. Tuanze upya. Niko hapa chini, mlangoni penu."

Akafuta mikono. Hakuwa na haja ya kutunga. Yapo maneno ambayo ofisi yake humtumia kila mgeni safari inapoisha, aliyaandika yeye mwenyewe siku zile za furaha. Akayatafuta, akayatuma yalivyo:

"Ndugu msafiri, safari yako imefika mwisho. Tunakushukuru kwa kuwa nasi. Tafadhali hakikisha hujasahau kitu chako."

Kisha akaifunga namba ile isiweze kumpata tena.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Mtalii," alisema Ibtihal. "Nipitishie wali."