Aliyetembea na Milcah

Chai ya Obuya ilikuwa na chumvi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, wiki chache tangu mkewe Milcah arudi kutoka Ureno, na mwanzoni Obuya alidhani ni kosa la mtu aliyezoea majiko ya watu wengine. Milcah akaonja kikombe chake mwenyewe, kikawa na sukari. Akaonja cha mumewe, akakunja uso. Chai yote ilikuwa imetoka kwenye sufuria moja. Aliimwaga ile, akamimina nyingine mumewe akimwangalia, na Obuya alipoinua kikombe chumvi ilikuwa pale pale, kali, yenye harufu ya kitu kilichooza majini. Aliondoka bila kunywa. Kilichomkaa moyoni njiani hakikuwa chumvi. Ni kwamba Milcah hakuonekana kushangaa.

Walikuwa wakiishi mtaa wa Satellite, nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya tatu. Obuya alikuwa fundi wa lifti katikati ya jiji, na mtoto wao, Ryan, alikuwa shule ya bweni huko Kakamega. Milcah alikuwa ametumia miaka miwili ng'ambo akiwatunza wazee katika mji mkongwe wa pwani, na kila siku ya mapumziko alitoka kuuzunguka mji huo. Alikuwa akituma picha: vichochoro vya mawe yaliyolainishwa na miguu ya watu wa kale, nyumba zilizobandikwa vigae vya buluu na vyeupe hadi juu, nguo zilizoanikwa kutoka dirisha hadi dirisha, ukuta mnene ambao mawimbi yaliupiga mchana kutwa. Obuya alizikuza picha hizo kwa vidole viwili, si kuutazama mji, bali kutafuta kivuli cha aliyezipiga. Kisha alikuwa akipiga simu na kuuliza yuko na nani. Milcah alijibu kwamba yuko peke yake. Aliulizwa hivyo na akajibu hivyo mpaka mkataba ukaisha.

Sasa alikuwa amerudi, na bado Obuya alihisi hajampata. Mashati yake yaliyofuliwa hayakukauka hata yakianikwa juani siku mbili, ilhali magauni ya Milcah kwenye kamba ile ile yalikauka kabla ya adhuhuri. Wakilala, godoro lilikuwa likibonyea kati yao, polepole, kama mtu anayeketi kwa adabu kitandani kwa mwenyeji. Na alipomgusa mkewe begani, vidole vyake vilikutana na ubaridi mwororo, kama ngozi ya samaki, kabla ya kulifikia bega lenyewe. Alijiambia ni uchovu. Lakini moyo wake ulikuwa tayari umeshapata neno lake, nalo lilikuwa mwanamume.

Aliyelitia nguvu neno hilo ni Nzembi, jirani wa ghorofa ya chini, mjane aliyeuza mboga mlangoni pa jengo na kumjua kila anayeingia. Alimwita Obuya kando jioni moja, akijifanya anamchagulia sukuma wiki.

"Baba Ryan, mimi sipendi maneno ya watu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini bibi yako akipanda ngazi hizi asubuhi, hapandi peke yake. Mimi nasikia viatu vya watu wawili. Nikichungulia, naona yeye tu."

"Unasikia viatu vya nani?"

"Hiyo sasa uliza yeye."

Hakumuuliza. Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akarudi saa nne asubuhi na kukaa kwenye kibanda cha chai kilichotazamana na jengo lao. Milcah alitokea upande wa Dagoretti Corner akiwa na mfuko wa nyanya. Alikuwa peke yake. Lakini hakutembea kama mtu aliye peke yake. Aliacha nafasi upande wake wa kushoto, hata bodaboda ilipokuja ikambana alipendelea kuingia kwenye tope kuliko kuiziba nafasi ile. Penye kona alipunguza mwendo, akageuza uso kidogo, akatabasamu. Obuya hakuwa amewahi kupewa tabasamu lile. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyesikilizwa mpaka mwisho wa maneno yake.

Alimfuata ngazini, mita chache nyuma. Na pale, mchana, jua likipenya kwenye matundu ya ukuta, akasikia alichokisikia Nzembi: viatu vya Milcah, vyepesi, na nyuma yake hatua nyingine, nzito, zilizojaa maji, kila moja ikilia kama kitambaa kinachokamuliwa. Aliingia nyumbani kwa nguvu. Milcah alikuwa akiosha nyanya. Kiti cha Obuya, kile alichokalia kila jioni, kilikuwa kimelowa na maji yalikuwa yakidondoka kwenye zulia.

Aliuliza ni nani. Milcah akasema hakuna mtu. Obuya akasema yote aliyoyabeba miaka miwili, kuhusu picha, kuhusu nani alizipiga, kuhusu wanaume wa Ureno, na mwishoni akainua mkono. Hakumpiga. Mkono ulishikwa hewani. Alihisi vidole vitano vya baridi vikiuzunguka mfupa wa kifundo cha mkono, vikibana bila haraka, kisha vikamwachilia. Milcah alikuwa mbali naye, nyanya mkononi, akitazama si uso wa mumewe bali mahali fulani juu ya bega lake, na midomo yake ikisogea kama anayesihi mtu atulie.

Siku mbili baadaye Obuya alikuwa chini kabisa ya shimo la lifti katika jengo la zamani karibu na Moi Avenue, akibadilisha springi. Mwenzake, Kinyanjui, alikuwa amezima swichi kubwa na kuweka kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Obuya mwenyewe. Lifti ilikuwa imesimama ghorofa ya tano. Kwanza ikaja harufu, ile ya kikombe, ya mwani na mawe yasiyoona jua. Kisha tone likamwangukia shingoni, na alipolipangusa lilikuwa na chumvi, na akainua tochi na kuona kwamba maji yalikuwa yakiteremka kwenye kuta zote nne za shimo, kimya, bila kutoka popote, na juu, kwenye paa la lifti, mtu alikuwa akitembea, hatua nzito, za maji, akienda ukingoni na kurudi, kama anayepima nafasi, na nyaya zikaanza kulia, na lile sanduku kubwa la chuma, lisilo na umeme, lililofungwa breki kwa mikono yake mwenyewe, likaanza kushuka, si kwa kuanguka bali taratibu, ghorofa ya nne, ya tatu, kama mtu anayetaka aonekane akija, na Obuya akapiga kelele jina la Kinyanjui mpaka sauti ikakauka. Kinyanjui alimshika kola na kumtoa mlangoni. Lifti ilifika chini baada yao na kusimama kwa upole.

Alifika nyumbani nguo zikiwa zimelowa. Milcah alimnusa kabla hajamtazama, akaketi sakafuni.

"Ni yeye," alinong'ona. "Baba Ryan, nisamehe. Sikujua angekuja mpaka hapa."

Akamweleza. Majira ya baridi mji ule hubaki mtupu, watalii hurudi kwao, na wenyeji hufunga madirisha. Chini ya ukuta wa bahari kulikuwa na kichochoro chenye paa la mawe, kinachoteremka ngazi kwa ngazi hadi majini. Alikuwa akikaa pale baada ya zamu. Siku moja, baada ya simu ya Obuya, alilia na kusema kwa sauti, kwa Kiluhya, kwamba laiti angepata hata mtu mmoja tu wa kutembea naye. Alipopanda ngazi kurudi, alisikia hatua nyuma yake. Aliogopa wiki moja. Baadaye aliacha kuogopa. Hatua zile zilisimama aliposimama. Alipoeleza jambo, zilikaa kimya zikisikiliza. Hakuwahi kuona uso wala kuguswa. Siku ya kuondoka hakuaga, alidhani vitu kama hivyo hukaa kwao.

"Kwa hiyo kulikuwa na mtu," Obuya alisema.

"Kulikuwa na kitu. Mtu ulikuwa wewe, na wewe ulikuwa polisi."

Jumamosi alasiri walimleta senge yake Milcah, yaani dada wa baba yake. Jina lake Annah, alikaa Kawangware na kuuza mitumba siku sita, na siku ya saba alivaa kanzu nyeupe ya kanisa la Roho. Majirani walimwita kwa mambo kama haya. Alivua viatu, akafungua madirisha yote, akamkalisha Milcah kwenye mkeka na Obuya mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. Akaimba kwa sauti ya chini, ya mtu anayebembeleza mtoto, kwa muda mrefu. Vigae vya bafuni vikaanza kutoa maji. Kisha Milcah akainua kichwa, na macho yake yakawa ya mtu mwingine.

Sauti iliyotoka ilikuwa yake, ila imelowa.

"Huyu ni wangu," ilisema. "Niliitwa."

Annah akasema kwamba mwanamke huyu ana mume aliyemwoa kanisani na mtoto aliyemzaa, na yule aliye ndani yake aondoke kwa jina la Yesu. Milcah akacheka kidogo, bila furaha, akamgeukia Obuya.

"Wewe miaka miwili ulimuuliza yuko na nani. Mimi nilisikiliza alichokiona. Nani mume?"

Obuya alinyanyuka, ngumi zimekunjwa, na papo hapo mlango wa chumba cha kulala ukajibamiza, maji yakafurika chini yake na kuingia mkekani, na ubaridi ukampanda miguuni hadi kifuani, ukakaza, akashindwa kuvuta pumzi. Annah alimvuta suruali.

"Keti chini, mtoto wangu," alimwambia sikioni. "Huo wivu wako ndio mlango wake. Ukipigana naye atakunywa mpaka ukauke. Ongea na bibi yako. Huyo mwingine mwache."

Obuya aliketi. Kila kitu ndani yake kilitaka kumtukana yule aliyekuwa akimtazama kwa macho ya mkewe. Alikumbuka picha zile zote, mamia, na jinsi alivyozipitia akitafuta kivuli, na akagundua hawezi kukumbuka hata moja ilionyesha nini. Akashika mikono ya Milcah, baridi kama barafu.

"Mama Ryan," alisema. "Hebu niambie. Huko uliona nini?"

Maji yakaacha kusogea. Kisha, kwa sauti iliyotoka mbali sana, Milcah mwenyewe akaanza kusema. Alisema juu ya kanisa dogo lenye kengele iliyopasuka. Alisema juu ya wajane waliovaa nyeusi wakichoma samaki milangoni, na jinsi mmoja alivyompa kipande kwenye mkate bila kuuliza anatoka wapi. Juu ya michungwa iliyopandwa barabarani ambayo hakuna mtu aliyeichuma, na yeye alivyoiba chungwa na kukuta ni chungu kama dawa. Obuya akauliza kwa nini hawakuing'oa. Milcah akacheka, kicheko chake cha kweli, akasema inanukia vizuri. Obuya aliuliza tena na tena, na kila alipouliza mikono ile ilipata joto kidogo. Alipofika kwenye kichochoro chenye paa la mawe Milcah alisita, akalia, kisha akasema, "Hapo nilikaa na mtu. Namshukuru. Lakini sasa niko kwetu, na sitaki tena atembee na mimi."

Hatua zilisikika zikivuka sebule, zikapita kati ya Annah na mlango, zikateremka ngazi za ghorofa zote tatu bila haraka. Chini, Nzembi alivuta kapu lake la mboga kando, kama mtu anayempisha mpita njia. Nyumba ikakauka kabla ya jua kutua.

Miezi miwili ikapita kwa amani. Obuya alirudi kazini, na jioni aliuliza habari za mji ule, naye Milcah alimsimulia mpaka vichochoro vikaisha.

Jumapili moja, wakitoka kanisani, simu ya Milcah ilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa Jackie, msichana wa Loresho aliyekwenda Ureno kuchukua nafasi yake ya kazi. Milcah aliufungua wakiwa wamesimama kando ya barabara, Obuya akisikia kila neno. Jackie alisema kazi ni ngumu na baridi ni kali, lakini ameuzoea mji. Akishamaliza zamu huzunguka hadi kwenye ukuta wa bahari. "Na unajua nini, siku hizi hata siogopi kutembea peke yangu," alisema, akicheka. "Kuna mtu hunisindikiza. Sijamwona uso, lakini ananisikiliza sana."

Obuya alimwambia mkewe ampigie saa hiyo hiyo, amwambie asikae tena pale, asiongee. Milcah alikubali kwa kichwa. Lakini hakupiga. Aliiweka simu sikioni na kuusikiliza ujumbe ule mara ya pili, kisha mara ya tatu, na Obuya akaona uso wake ukibadilika. Aliujua uso ule. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe miaka miwili, usiku na mchana, juu ya kioo cha simu.

"Mpigie, Mama Ryan."

"Nitampigia," Milcah alisema, bila kumtazama. "Wacha kwanza nijue Jackie anamwambia nini."