Mistari Kumi ya Tahira

Kila siku nikitoka shule, kazi zangu zinajulikana: kuchota maji, kuosha vyombo, kuswali adhuhuri, kisha kumbembeleza kaka yangu Ayubu mpaka anipe tableti yake. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Ayubu anapenda kuombwa kama waziri. Ukiipata, unapewa saa moja tu, na saa yenyewe anaitazama yeye, kwa hiyo sipotezi hata dakika kupiga soga.

Jina langu ni Raisa. Nina miaka kumi na mitatu na ninaishi Rumonge, mtaa wa Waswahili. Lakini ndani ya saa ile moja mimi si Raisa tena. Ni Malkia Zumaridi, mwenye mji ulio chini kabisa ya Ziwa Tanganyika.

Ngoja nieleze, maana hata watu wazima hawauelewi mchezo huu. Tulikuwa watatu, na tuliandika hadithi moja pamoja katika kundi la Watsapu. Kila mtu alikuwa na mhusika wake. Mimi nilikuwa malkia; Fahadi, mtoto wa jirani, alikuwa mwizi wa lulu; Tahira alikuwa Mlinzi wa Lango. Unaandika anachofanya mhusika wako, unasimama, mwenzako anapokea kutoka hapo. Sheria kubwa ilikuwa moja: mhusika wa mwenzako humgusi. Humwozi, humvunji mguu, humwui, mpaka mwenyewe akubali.

Fahadi hakuwa na simu. Alikuja kwetu, akakaa kibarazani, akaandika baada yangu kwenye tableti ileile. Tahira yeye aliandika kutoka Gitaza, kwa simu ya bibi yake.

Tahira ni rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, tulipojifunza alifu kwa kijiti kimoja. Mwaka jana alihamia Gitaza kwa Bibi Mwanvua, anayeanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Kwa gari si mbali, lakini kwa mtoto asiye na nauli, Gitaza na Ulaya ni mamoja. Mchezo ule ndio pekee uliobaki kati yetu. Nilijua kwamba ukifa, Tahira nimempoteza.

Ugomvi ulianzia kwenye urefu. Fahadi alikuwa akiandika, "Mwizi akakimbia. Basi." Sasa hapo wewe utaendelea na nini? Mimi nami, nisijifiche, nilikuwa na maradhi yangu. Siku moja, kwa zamu moja tu, malkia wangu aliamka, akala, akaamua kesi tatu, akapigana vita, akashinda, akalala. Tahira akaniandikia, "Raisa, sasa mlinzi wangu afanye nini? Afagie?"

Tukakubaliana tuweke kipimo. Fahadi alitaka mistari mitano, mimi nikataka ishirini. Tahira akasema kumi inatosha: mtu anapata nafasi ya kusema jambo lake, na mwenzake anaachiwa kitu. Kumi basi. Si tisa, si kumi na mmoja. Kila siku nilihesabu yangu kwa kidole kwenye kioo, na Fahadi akahesabu yake.

Jumatatu zamu ya Tahira ikaja. Nikahesabu. Mistari mitatu.

Nikadhani inite za simu zimemwishia. Jumanne, mitatu. Jumatano, mitatu na kipande.

"Huyu anatuchezea," alisema Fahadi, akichungulia begani kwangu.

"Labda ana kazi," nikamjibu, lakini moyoni tayari kitu kilikuwa kimenichoma.

Tangu hapo nikawa polisi. Nilichukua daftari langu la zamani la hesabu, nikaandika jina lake juu, na chini yake siku na idadi ya mistari. Nikaona ameweka picha mpya, yeye na msichana nisiyemjua, wamekumbatiana. "Huyo ni nani?" nikamwuliza. Akajibu, "Cibalonza, rafiki yangu wa huku. Naye anapenda hadithi."

Anapenda hadithi! Nikaelewa yote, au nilidhani nimeelewa. Tahira ana kundi lingine huko, na huko ndiko anakoandika mistari yake kumi iliyojaa, sisi anatutupia makombo. Akijibu haraka, nilisema ana haraka ya kutukimbia. Akichelewa, nilisema yuko na Cibalonza wake. Yote niliyaandika daftarini. Hakukuwa na jambo ambalo angeweza kulifanya likanipendeza.

Alhamisi nikamtega.

"Tahira, leo umeandika mistari mingapi?"

"Kumi."

Nikatazama tena. Mitatu.

"Una hakika?"

"Nimehesabu mara mbili. Wallahi ni kumi."

Mtu anaweza kumdanganya mwalimu, anaweza kumdanganya hata mama yake, kisha akatubu. Lakini kuapa kwa Mungu kwa ajili ya mistari mitatu? Kwetu wallahi si neno la kuchezea. Tulifundishwa pamoja jambo hilo, na maalimu mmoja.

"Yewe!" Fahadi akashika mdomo. "Ameapa uongo!"

Ujumbe mwingine ukaingia. "Na wewe, yako mingapi?"

"Kumi, wallahi," nikaandika, na changu kilikuwa kiapo cha kweli.

Kisha akajibu, "Haya, Raisa. Yangu macho."

Yangu macho! Kana kwamba mwongo ni mimi!

Ijumaa nilifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nafunika uso. Malkia Zumaridi alimwita Mlinzi wa Lango mbele ya watu wote, akamwambia, "Wewe ni mwongo na kiapo chako ni cha uongo." Akamsukuma nje, akafunga lango, na Mlinzi akafa huko nje peke yake. Mistari kumi kamili. Fahadi alipoisoma alisema polepole, "Lakini hukumwuliza." Nikamwambia anyamaze.

Tahira alijibu mara moja tu. "Mistari yangu kumi umeiita uongo, halafu umemwua mlinzi wangu kwa mistari thelathini na minne. Nimeihesabu." Chini yake yakatokea maandishi madogo ya kijivu: Tahira ametoka kwenye kundi.

Nilifurahi kwa dakika kama tano hivi. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kesho yake asubuhi mama alinituma kwa Mjomba Zakaria kutoa fotokopi ya cheti changu cha kuzaliwa. Mjomba ana kibanda karibu na soko, anapigia watu chapa barua, maombi ya kazi na kadi za harusi. Aliponiona macho yamevimba, akaacha mashine yake.

"Amahoro, mama. Nani amekupiga?"

"Hakuna. Tahira ni mwongo."

Nikamweleza yote. Daftari lilikuwa mkobani, nikamtolea ushahidi. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akijikuna kidevu.

"Hii thelathini na minne ameitoa wapi?" akauliza.

"Anazua tu."

"Mtu anayezua atasema thelathini, atasema hamsini. Hasemi thelathini na minne. Huyu mutoto amehesabu kitu." Akanitazama. "Anaandika kwa telefone ya nani?"

"Ya bibi yake."

"Na bibi anaona vizuri?"

"Hata kidogo. Uzi kwenye sindano anatungiwa."

Mjomba akacheka puani. Akafungua barua moja kwenye kompyuta yake. "Hesabu mistari."

"Kumi."

Akabonyeza mara kadhaa. Herufi zikavimba, maneno yakaanza kusukumana kwenda chini. "Hesabu tena."

Nilipofika ishirini na tano nikaacha.

"Kuna neno hata moja nimeongeza?"

"Hapana, mjomba."

"Wateja wananigombeza kwa jambo hili kila wiki. 'Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja, Zakaria, kwa nini sasa ni kurasa tatu?' Mstari unafuata kioo na ukubwa wa herufi, mutoto weye. Mngehesabu maneno."

Kumi ya Tahira ilikuwa kumi kweli. Na kumi yangu, ikifika kwake, ilikuwa thelathini na minne. Kwa hiyo wiki ile nzima naye aliniona mimi ndiye ninayeiba nafasi, mimi ndiye niliyeapa uongo. Aliona hayo yote na bado aliendelea kucheza na mimi.

Nikaomba simu ya mjomba, nikapiga. Bibi Mwanvua akapokea. "Tahira yupo hapa," akasema, kisha nikasikia mnong'ono. "Anasema nikwambie hayupo."

"Mjomba, nipeleke Gitaza," nikasema. "Tafadhali, nipeleke."

Kwa bahati alikuwa na kadi za harusi za kupeleka huko. Akampigia mama kumwomba ruhusa, akawasha pikipiki, tukapitia nyumbani kuchukua tableti. Ayubu aliponitazama usoni alinipa bila kuombwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Tulimkuta Bibi Mwanvua akigeuza ndagala juani, Tahira akiwa kando yake. Tahira aliniona, akarudi kwenye samaki wake.

"Asalam aleikum, bibi."

"Waaleikum salam, mjukuu wangu."

"Tahira," nikasema, "naomba unionyeshe simu."

"Umekuja kuhesabu?"

"Ndiyo," nikajibu, na sikujua uso wangu niuweke wapi.

Alifuta mikono kwenye kitenge, akaitoa. Loo! Herufi zilikuwa kubwa kama za bango la dukani. Maneno matatu, manne, mstari umejaa. Nikaiweka tableti kando yake. Zamu yake ya Alhamisi ilikuwa mistari mitatu upande huu, na upande ule kumi. Kumi kamili. Kisha tukatafuta yangu ya Ijumaa. Tahira ilibidi aisukume juu kwa kidole, aisukume tena, na bado mlinzi hajafa.

"Nilidhani Ayubu ndiye anayekuandikia," Tahira akasema taratibu. "Nilidhani unataka hadithi iwe yako peke yako. Nikasema basi, acha tu, si rafiki yangu."

"Na Cibalonza?" Sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

"Cibalonza hata simu hana. Mimi namsomea hadithi yetu. Anayempenda zaidi ni malkia wako."

Hapo nililia mbele ya watu wote. "Nisamehe. Nimekuita mwongo na hukuwa mwongo. Na mlinzi hakuwa wangu nimwue."

Hakunisamehe palepale, tusidanganyane. Alinipa simu ya bibi. "Andika zamu yako kwa hii." Nikaandika. Mistari kumi ilijaa malkia akiwa ndiyo kwanza amefungua mdomo. Nikajaribu kumalizia, maandishi yakapanda juu yakapotea, nikasahau hata nilianza na nini.

"Nimeona," nikasema.

"Bado. Endelea."

Bibi Mwanvua akacheka mpaka akakaa chini, na Tahira naye akaanza kucheka, akijizuia asicheke. Mimi nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu jana.

Tukaketi kivulini mwa ukuta kuandika sheria upya. Hakuna tena mistari. Maneno hamsini, yakizidi kidogo au yakipungua kidogo hakuna kesi, na la mwisho limwachie mwenzako jambo la kufanya. Hilo la mwisho lilitoka kwa Tahira. Tukakubaliana nikamweleze Fahadi jioni.

Mjomba Zakaria alikuwa akitusikiliza. "Mmeapa nyote wawili," akasema, "na viapo vyote viwili vilikuwa vya kweli. Raisa, wewe umehesabu wiki nzima, umejaza daftari, umetega mtego, lakini swali moja dogo hukuuliza: wewe huko kwako unaona nini? Ukimshuku mtu, mwulize kwanza. Ukishamhukumu, swali halina kazi tena. Na wewe Tahira, hiyo 'yangu macho' yako imemsaidia nani? Ungesema wazi kwamba unaona thelathini na minne, yangeisha Alhamisi. Watu wakikubaliana kipimo, kwanza wahakikishe wanapima kwa kitu kimoja."

"Ndiyo, mjomba," tukasema pamoja.

Kabla hatujaondoka nilimrudisha Tahira kwenye kundi. Alishika simu bila kuandika, akaniangalia.

"Sasa mlinzi wangu amekufa au hajafa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Malkia angeweza kumfufua kwa maji ya lulu, kwa sherehe, kwa ngoma siku saba. Nikalimeza.

"Ni wako," nikasema. "Sema wewe."

Akainama juu ya simu, akaandika, akatuma. Tableti ikalia mkononi mwangu.

"Mlinzi anabisha hodi."

Sikuhesabu. Nilimfungulia lango.