Mapigo Manane

Hebu iwazie meza ya fundi saa, barazani mwa nyumba moja ya mtaa wa Musinzira, mjini Gitega, mwaka wa sabini na nane. Ni asubuhi, na jua limefika kwenye miguu ya meza. Juu yake kuna kioo cha kukuza na bisibisi nyembamba kama sindano. Fundi, jina lake Uthmani, amevuta droo kutafuta kitambaa, na mkono wake umebaki hewani. Ndani ya droo kuna saa ya otomatiki. Inatembea.

Labda utasema saa kutembea si ajabu. Basi nikueleze taratibu. Saa ya namna hii haina betri wala haihitaji kutiwa ufunguo kila siku. Ndani yake mna kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Mwenye saa akisogeza mkono, kipande hicho huzunguka na kukaza springi. Ukiivua, itatembea siku moja na nusu, pengine mbili, kisha itasimama. Uthmani aliifungia saa hii humo siku ya Ijumaa. Leo ni Jumatano, na hakuna aliyeivaa.

Aliisukuma droo polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Hakumwambia mkewe, Salama, kwa sababu Salama angeuliza saa hiyo imetoka wapi.

Ilitoka Giteranyi, huko Muyinga. Mama mmoja aliyeitwa Mama Saidi alifiwa na mumewe, mzee Houssein, aliyekuwa amerudi na saa hiyo kutoka Hija. Mzee alipoanguka siku ya kifo chake, saa ilisimama. Mama Saidi alitaka itengenezwe ili siku ya arobaini akabidhiwe mtoto wake mkubwa mbele ya ukoo. Akapanda lori hadi Gitega, maana aliambiwa kuna fundi mwenye sikio kuliko wote.

Sikio kweli alikuwa nalo. Alifungua kifuniko cha nyuma, akasogeza nusu mwezi pembeni, akasoma namba ndogo zilizochorwa chini ya gurudumu linalopepea. Namba hizo ndizo jina la mashine. Akaisafisha, akaitia mafuta, kisha akaiegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio na kusikiliza. Saa nyingi za Gitega wakati ule zilipiga mara tano kwa sekunde. Mtu mtulivu angeweza kuzifuata kwa ncha ya ulimi. Hii ilipiga mara nane. Ilikuwa kama mvua nyembamba juu ya bati. Alikuwa amesikia habari za mashine hizo, lakini hajawahi kushika hata moja. Hakutaka kuiuza. Alitaka tu iwe yake.

Basi akaitoa mashine hiyo, akaitia katika kasha lake kuukuu, na ndani ya kasha la mzee Houssein akaweka mashine ya zamani, ya kiwanda kilekile na ukubwa uleule, ya mapigo matano.

Ijumaa hiyo Mama Saidi alikuja kuichukua. Aliiweka sikioni, akaihamishia sikio la pili.

"Fundi, hii si yenyewe."

"Ni yenyewe, mama. Tazama kasha, tazama mkanda."

"Kasha naliona. Mi nimelala pembeni ya saa hii miaka mitatu. Ilikuwa inakimbia. Hii iko inatembea kama mtu amechoka."

Barazani walikuwapo watu wanne. Mmoja wao alikuwa Bahizire, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kivu ya Kusini, mtu wa mizaha. "Labda na yenyewe iko kwenye matanga, mama," alisema, na watu wakacheka.

Uthmani angeweza kunyamaza. Lakini alisema kwa sauti laini, sauti ya mtu mwenye elimu, "Pardon, mama. Saa haijabadilika. Masikio ndiyo yamezeeka."

Mama Saidi aliitazama ile saa kidogo, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akaondoka bila kuaga.

Sasa turudi kwenye droo. Siku ile ile ya Jumatano, mchana, Salama alitoka jikoni akifuta mikono.

"Baba Riziki, kuna panya kwenye droo yako."

"Hakuna panya."

"Iko inakwaruza. Sikiliza. Na hiyo harufu ni ya nini?"

Uthmani alikuwa ameshaisikia. Ilikuwa harufu ya karafuu maiti, ile wanayomtilia marehemu baada ya kumwosha, pamoja na harufu ya nguo mpya iliyolowa. Alimwambia mkewe ni mafuta ya saa.

Kesho yake, muadhini alipomaliza adhana ya adhuhuri, Uthmani aliinamisha kichwa juu ya droo. Alisikia ule mzunguko wa nusu mwezi, krrr, mfupi, kama wa mtu anayeinua mikono hadi masikioni. Kisha kimya kirefu kilichojaa yale mapigo manane yasiyochoka. Kisha krrr nyingine, nzito, ya mtu anayeinama, na nyingine ya mtu anayeinuka, na nyingine ndefu inayoshuka hadi chini kabisa, ikatulia, ikapanda nusu, ikashuka tena, na ndipo alipoelewa kwamba anahesabu rakaa, kwamba ndani ya droo ya mbao isiyotosha hata mkono wa mtoto kuna mkono wa mtu mzima unaoswali, na kwamba mtu huyo hatakosa alasiri, wala magharibi, wala kesho.

Hakukosa. Siku tatu Uthmani hakula vizuri. Siku ya nne Salama, bila kumwuliza, alimwita shehe Abubakari.

Shehe alikaa kwenye mkeka, akafungua droo, akaanza kusoma. Alisoma aya za kufukuza mashetani kwa sauti ya juu, na saa haikunyamaza. Aliposoma aya ya sijda na yeye mwenyewe akasujudu, nusu mwezi nao ukazunguka ukashuka pamoja naye, kwa adabu. Shehe aliinuka akiwa na jasho.

"Huyu simfukuzi," alinong'ona. "Ni jini Mwislamu. Alikuwa anaswali nyuma ya mwenye saa hii, akifuata sauti yake. Nitamfukuza kwa kitu gani, naye anaitikia amina? Uthmani, saa ni ya nani?"

"Yangu," alisema Uthmani.

Droo ikanyamaza. Halafu Uthmani akahisi kitu kinaingia kwenye kifundo cha mkono wake, baridi kama maji ya kisima, na mshipa wake ukaanza kupiga, si kama mshipa wa mtu unavyopiga, bali mara nane kwa sekunde, mbio, sawasawa, hadi vidole vikatetemeka vyenyewe. Salama akamshika mkono, akasikia, akauachia.

"Baba Riziki," alisema polepole. "Umefanya nini?"

"Sema tena," shehe alisema. "Ya nani?"

"Ya Mama Saidi wa Giteranyi. Nilimbadilishia mashine." Akashindwa kumtazama mkewe. "Na nikamwambia ni masikio yake."

Mshipa ukapungua mwendo. Haukurudi kawaida.

"Ulimwambia mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi haitoshi mbele yetu sisi wawili," shehe alisema. "Arobaini ni lini?"

"Ijumaa."

Bahizire alikuwa na mzigo wa kupeleka Muyinga, akampakia Uthmani kwenye gari lake. Njiani alitania mara mbili tatu, kisha Uthmani akamweleza yote. Bahizire hakutania tena. Walipofika karibu na Giteranyi alisema, "Na mi nilicheka, ndugu yangu. Nitaingia na we."

Uani kwa marehemu watu walikuwa wamejaa, sinia za wali zimepangwa. Uthmani aliomba ile saa ya urithi. Alikaa chini katikati ya watu, akatandika kitambaa cheupe, akazifungua saa zote mbili, hiyo na ile aliyokuja nayo. Aliwaonyesha wazee namba zilizo chini ya magurudumu, akaeleza ipi ni jina la mashine gani, kama mwanafunzi anayesoma somo alilofeli. Kisha akampa Mama Saidi azisikilize, moja baada ya nyingine. Mama huyo alifumba macho.

"Hii," alisema.

"Ndiyo, mama. Ni hiyo. Ulijua tangu siku ya kwanza. Mimi niliiba, na nikakuita mzee ili wizi wangu usionekane."

Bahizire alivua kofia.

"Mi sikulia saa, fundi," Mama Saidi alisema. "Niliporudi nikawaambia watoto kwamba si yenyewe. Wakaniuliza fundi amesema nini. Tangu siku ile wako wananisemesha polepole, maneno machache machache, kama mtu aliyepotewa na akili. Saidi amenificha hata funguo za nyumba. Siku kumi na nne."

Saidi, mtoto mkubwa, aliinamisha uso. Uthmani alirudisha mashine mahali pake, akamkabidhi mama saa yake. Mama akamvisha Saidi, kisha akamwambia Uthmani, bila ukali, "Nenda ukaswali na wenzako. Ya kukusamehe nitaangalia baadaye."

Ilikuwa alasiri. Saidi alisimama safu ya mbele, saa ikiwa mkononi mwake. Uthmani alisimama mwisho wa safu ya nyuma, na hakuna aliyemsogelea. Imamu alisema jazeni safu. Watu wakabaki walipo.

Ndipo alipohisi bega likigusana na bega lake, upande ule usio na mtu. Aliposujudu aliona mkeka uliokuwa wazi kando yake ukibonyea, magoti mawili, viganja viwili, na paji la uso. Ndani ya kifundo chake, mshipa ulikuwa bado unakimbia.

Ninakuomba ukumbuke jambo moja tu: siku ukiona nafasi wazi kando ya mtu aliyeinamisha kichwa sana, usiharakishe kuijaza; huenda ina mwenyewe.