Kidole cha Laurette

Harufu ya majivu yaliyolowa ndiyo iliyomfikia Laurette kwanza, mchana kweupe, ndani ya jengo la zamani la mahakama ya wakoloni ambako kanisa lao la Wakongo mjini Durban lilikwenda kutembea mwaka 2012.

"Unasikia harufu ya moto?" alimnong'oneza mumewe, Josias.

"Hapana. Iko harufu ya rangi tu."

Mwongoza wageni akawaonyesha kizimba. Humo, alisema, walisimamishwa wanawake walioitwa wachawi. Jirani alinyoosha kidole, hakimu Mzungu akaandika. Watu husema bado wanalia humo. Waumini wakacheka, wakapiga picha. Laurette aliposhika ubao wa kizimba, mkono wa baridi uliushika wake.

Jumatatu saluni, akimsuka mteja, kidole chake cha shahada kiliinuka chenyewe, kikamwelekea Colette, mwenzake wa kazi. Akakikunja, kikafunguka. Akakificha ndani ya taulo, akasingizia maumivu. Jioni, nyumbani mtaani Sydenham, kiliielekea picha ya marehemu mama mkwe ukutani, kikabaki hapo kikitetemeka, huku harufu ile ikijaa sebuleni, ikipanda kwenye mapazia, ikiingia hadi kwenye sahani za chakula, na nyuma ya picha mwanamke mzee akawa anakohoa, anakohoa, kama mtu aliyemeza moshi.

Josias naye alisikia. Akamwita Pasta Ladislaus.

"Toka, kwa jina la Yesu!" pasta aliamuru.

Kinywa cha Laurette kikajibu kwa sauti isiyo yake. "Nitatoka akisema. Nani alininyooshea kidole kule kwetu Kongo, Uvira?"

Josias aliifahamu sauti ile. Ilikuwa ya marehemu mama yake.

"Laurette," alisema polepole, "mama anauliza nini?"

Laurette alitazama sakafu. Uso uliwaka kwa aibu. "Ni mimi. Mtoto wetu alipokufa, nilitafuta wa kulaumu. Wewe ulikuwa safarini. Niliwaambia vijana wa mtaa kwamba mama ndiye amemroga. Sikujua watachoma nyumba naye akiwa ndani."

"Lakini wewe ndiye uliyelia kupita wote kwenye matanga."

"Ndiyo."

Kidole kikashuka. Harufu ikakatika. Pasta alichukua Biblia yake, akatoka bila kufunga kwa sala.

Josias akapiga simu Uvira, akaibandika kwenye sikio la mkewe.

"Ni dada yangu, Julienne," alisema. "Mwambie na yeye."